Bega la Kushoto la Ortensia

Alhamisi, 25 Aprili 1647. Upepo wa kusini ulivuma tangu alfajiri, wa joto na vumbi. Nguo zilikauka kabla ya saa sita, lakini zilikuwa zimeshika mchanga, na Ortensia akazirudisha ndani kuzifua upya.

Ortensia ni mjane na dobi wa mtaa wetu hapa Roma. Ukuta wa nyumba yake ndio ukuta wangu. Miaka ishirini ya kubeba kapu la nguo mbichi imelishusha bega lake la kushoto, hata ukimwona kwa nyuma sokoni unamjua. Chumba cha juu alimpangisha Govert, mchoraji Mholanzi, mtu mpole asiyechora malaika wala wafalme. Alichora wauza kabichi, ombaomba, na punda wakinywa maji. Tena alikuwa Mprotestanti.

Hapo ndipo penye shida. Kila anayepokea komunyo ya Pasaka hupewa cheti, na wiki inayofuata padri hupita nyumba kwa nyumba kuvikusanya. Mprotestanti akigundulika hufukuzwa mjini, na aliyemficha hutiwa gerezani. Basi siku ya Pasaka Ortensia alipokea komunyo misa ya kwanza akiwa na mtandio mweupe, akarudi misa ya mwisho na mtandio wa kahawia. Akapata vyeti viwili. Mimi nauza mishumaa pale mlangoni. Nilimwona mara zote mbili, nikanyamaza.

Alhamisi hiyo Padri Taddeo alifika saa nane mchana.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina, padri. Pita, angalia tu usiteleze."

Akapewa vyeti viwili, akavitia mfukoni. Alikuwa ameshageuka kutoka alipoiona picha iliyoegemezwa ukutani, rangi bado mbichi.

"Kumbe hili kanisa letu! Na huyu si Nunzio wa samaki? Kamchora mpaka ulevi wake!" Akacheka, akainama aone vizuri. Kicheko kikamwisha. "Mwenye mtandio mweupe ni wewe."

"Wanawake maskini tunafanana, padri."

"Mnafanana. Na huyu wa kahawia, anayeingia wenzake wakitoka?"

Ortensia alikuwa akikamua shuka. Aliendelea kulikamua ingawa halikuwa na maji tena. "Labda ni dada yangu."

"Dada yako nilimzika mimi mwenyewe, mama." Padri akanyoosha kidole, karibu aguse rangi. "Bega hili sijaliona kwa mtu mwingine."

Juu, mbao zililia. Govert alikuwa amesimama ngazini.

"Kesho saa tatu picha hii ifike kwa paroko," padri akasema. "Macho yangu yamechoka. Yake bado makali."

Mlango ulipofungwa, Ortensia alimrushia Govert shuka la usoni.

"Mimi napiga magoti mara mbili kwa ajili yako, na wewe umekaa nje unanichora!"

"Nilikuona mara mbili, nikakuchora mara mbili."

"Kwani una akili wewe? Mfute mmoja."

"Yule wa kahawia ndiye mtu bora niliyewahi kumchora. Siwezi, mama. Mkono utakataa."

"Na pingu, mkono wako utazikataa? Wangu je?"

Jioni maharage ya Govert yalibaki kwenye bakuli, na kupitia ukutani nilimsikia Ortensia akitembea huku na huku, hatua sita kwenda, sita kurudi.

Asubuhi iliyofuata upepo ulikuwa umetulia. Ortensia alijitanda mtandio mweupe, akachemsha maji ya majivu, yale makali anayotolea mafuta kwenye aproni za wachinjaji, akakunja kitambaa mara nne. Govert aliishika picha isitikisike, uso ameugeuzia ukutani. Ortensia alimtazama kidogo yule mwanamke wa kahawia, kisha akaanza na bega.