Mama Pini na Soksi za Mkwe Wake

Saa kumi na moja alfajiri Mama Pini amesimama mbele ya mlango wa stoo ya vifaa, ufunguo mkononi, na hafungui.

Anafagia kibaraza kwanza. Akimaliza anakinga maji, ingawa ndoo za jana bado zimejaa. Anakung'uta zulia la mlangoni, analirudisha, analiona limekaa upande, analinyoosha kwa ncha ya kandambili. Mlinzi wa uwanja, aliyekaa karibu na geti na redio yake mapajani, anamtazama tangu mwanzo, mpaka uvumilivu unamwishia.

"Mama Pini, humo ndani kuna nyoka?"

"Kuna jezi," anajibu. "Angalia geti lako."

Leo ni siku ya mchujo wa mwisho. Timu hii ya ligi kuu itasajili wachezaji ishirini na tano tu kwa ajili ya msimu, na waliobaki kambini ni zaidi ya hapo. Jana jioni kocha mkuu aliingia stoo peke yake, akaacha jibu kwa namna yake ya kila mwaka. Jezi za wanaobaki zimetundikwa kwenye bomba. Za wanaoondoka zimekunjwa juu ya meza ya kupigia pasi.

Kila mwaka Mama Pini huufungua mlango huu huku anaimba, kwa sababu jibu huwa analijua tayari. Mwaka huu halijui. Na moja ya jezi hizo ni ya mume wa binti yake wa pekee.

Kazi yake ni kufua, kupiga pasi na kushona jezi za timu. Alianza kama fundi wa sare za shule, na cherehani yake chini ya ngazi za jengo la maduka. Siku moja timu ililetewa jezi ambazo namba zilikuwa zinabanduka kama ngozi ya kitunguu, mechi ikiwa saa tisa. Alizishona zote kabla ya saa nane. Tangu siku hiyo hajarudi chini ya ngazi.

Jina la Mama Pini alipewa na wachezaji. Wakati wa maandalizi ya msimu, mchezaji ambaye nafasi yake bado ina mashaka huvaa jezi yenye namba iliyobanwa kwa pini. Akishakubaliwa, namba inashonwa kwa uzi. Hivyo kambi nzima hutembea ikichunguliana migongo.

"Unamkuta mtu mzima, ana ndevu, anamwomba mwenzake amwangalie mgongoni," anasema Mama Pini huku akicheka. "Anauliza, 'Hebu tazama, bado nina pini?' Mwenzake anamjibu, 'Unazo, tena zimeongezeka.'"

Namna makocha wanavyoamua, yeye anaifahamu kwa sababu wanaamulia mbele yake. Ofisi ya timu imepakana na mgahawa, na ukuta wake ni wa mbao nyembamba. Ukikohoa ofisini, mtu wa mgahawani anakupa pole. Ndiyo maana makocha huja stoo, wanakaa juu ya mifuko ya mipira, na kumwomba aendelee kushona ili mlio wa cherehani ufunike maneno.

"Watu wanadhani wanachagua wanaojua mpira," anaeleza. "Wote wanajua mpira. Wangekuwa hawajui wasingefika hapa. Wale wa kwanza wanapita bila maneno, ni jina tu na kichwa kinaitikia. Wale wawili watatu wa mwisho ndio wanafanya chai ipoe."

Hapo, anasema, ndipo yanapochambuliwa mengine. Nani anaweza kucheza nafasi mbili. Goti la nani linavimba baridi ikiingia. Nani akiwekwa benchi ananuna siku tatu, na nani akiwekwa benchi anashangilia mpaka sauti inamkauka.

Yeye mwenyewe huwa hasemi neno. Ili asije akateleza, anabana pini midomoni tangu makocha wanapoingia hadi wanapotoka. Ukiwa na pini mdomoni huwezi hata kuguna.

Anayo sababu. Mwaka wake wa kwanza alijua kwamba golikipa mmoja ataachwa, akamwonea huruma, akampa kipande cha sabuni mpya bila kuombwa. Golikipa aliitazama sabuni, akamtazama na mama, akaketi chini palepale na kuanza kulia, kocha hata hajamwita.

"Kuanzia siku ile, wiki ya mchujo nawagombeza wote sawasawa," anasema. "Asiye na kosa namtafutia."

Mkwe wake alijiunga na timu msimu huu. Ni beki wa kushoto, lakini wenzake wanamwita Kiraka, kwa sababu popote penye tundu uwanjani anawekwa yeye. Amecheza pia beki wa kati, amecheza kiungo, na kwenye mechi moja ya kirafiki alikaa golini baada ya kipa kuumwa tumbo. Ni mpole, mwenye haya nyingi. Akikutana na mama mkwe wake koridoni husogea ukutani, anainamisha kichwa na kutoa shikamoo ya chini kabisa, ijapokuwa amevaa bukta na njumu na magoti yana matope.

"Marahaba, baba," mama humjibu, naye anaangalia pembeni. Wachezaji wengine hukimbilia bafuni wakacheke.

Kama angeachwa, Kiraka angerudi kwao, safari ya siku nzima, na angeondoka na mke na mtoto. Mtoto huyo, msichana wa miaka mitatu, hushinda stoo kila Jumamosi akilala juu ya taulo safi. Mama Pini hakulisema hilo kwa mtu yeyote. Alilibana pamoja na pini.

Mambo yaliharibika jana, kwenye kikao cha mwisho.

Nafasi moja ilikuwa imebaki, na watu wawili. Mmoja ni Kiraka. Wa pili ni mshambuliaji mrefu anayeitwa Mlingoti, kijana mcheshi ambaye ndiye pekee anayethubutu kumtania Mama Pini wiki ya mchujo. Kocha msaidizi alimtaka Kiraka. Kocha mkuu, mtu asiyependa maneno mengi, akatikisa kichwa.

"Sikatai, anajua," alisema. "Lakini ni mvivu. Mlingoti nimekuta jasho lake kila siku. La huyu sijaliona hata mara moja."

Mama Pini alielewa mara moja alichomaanisha. Kocha mkuu ana mtego wake. Wakati wa maandalizi kuna mazoezi ya alasiri ambayo si ya lazima, na makocha hawaendi. Atakaye aende, asiyetaka alale. Jioni kocha hupita stoo kana kwamba anatafuta filimbi, akaangalia kikapu cha nguo chafu. Fulana mbichi iliyomo, mwenyewe alikuwepo uwanjani. Isiyokuwemo, mwenyewe alilala. Wachezaji hawakuujua mtego huo, na Mama Pini alikuwa ameapa kutousema.

Nguo za Kiraka hazikuwamo kikapuni hata siku moja. Lakini uwanjani alikuwa akienda kila siku. Baada ya mazoezi alikuwa anazikunja fulana, bukta na soksi, anazifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuzipeleka nyumbani akafue mwenyewe.

"Ningempaje mama mkwe wangu soksi zangu?" Kiraka anauliza leo, akiwa ameangalia chini. "Soksi zenyewe za mazoezi. Hapana. Kuna vitu mtu hafanyi."

Basi kule stoo, kocha aliposema vile, mlio wa cherehani ulikatika. Makocha waligeuka wote. Mama Pini alikuwa anatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, na kuzichomeka kwenye mto wake mdogo wa sindano.

"Mwalimu," alisema, kwani makocha wote hapa huitwa walimu, "yule anajifulia."

"Nani anajifulia?"

"Mkwe wangu. Ananionea haya. Nguo zake hazifiki kikapuni, anazipeleka kwake."

Kocha msaidizi akaanza kucheka taratibu, akaziba uso kwa kofia. Kocha mkuu hakucheka.

"Mama Pini, wewe ni mama mkwe wake. Nikuamini vipi?"

"Usiniamini. Binti yangu anaanika nguo uani, nyuma ya uwanja huu huu, na ua wenyewe hauna ukuta. Ukipita utaona." Akasimama. "Zaidi ya hapo sisemi, na yatakayosemwa sitaki kuyasikia. Tangu niingie hapa sijafungua mdomo. Nimeshafungua, basi nitoke nao nje."

Akachukua pasi yake, ikiwa bado ya moto, akaenda kukaa nayo kibarazani mpaka walipoondoka.

Kilichofuata anakisimulia binti yake, mke wa Kiraka, ambaye mpaka sasa hajapona kicheko. Jioni ile alikuwa uani anamwogesha mtoto kwenye beseni. Akainua macho, akamwona kocha mkuu wa timu amesimama mbele ya kamba ya nguo, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride.

"Nikajua tumekwisha," anasema. "Nikajua amekuja mwenyewe kutuambia. Nikamwambia karibu mwalimu, karibu ndani, huku mikono imejaa povu. Akasema, 'Napita tu.' Halafu akanyoosha mkono akaminya soksi. Maji yakachuruzika. Akaminya na ya pili."

"Hakusema kitu?" anaulizwa.

"Aliuliza, 'Hizi za leo?' Nikasema za leo. 'Na jana zilikuwepo?' Nikasema mwalimu, hii kamba haijawahi kupumzika. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia mtoto kwaheri, akaenda zake."

Alimpigia mama yake simu kabla hata ya kumfuta mtoto povu.

"Mama, kocha amekuja hapa kushika soksi."

"Ameshika, basi."

"Mama, kuna nini? Mume wangu anabaki au anaondoka?"

"Sijui."

"Mama, wewe unajua. Wewe kila mwaka unajua."

"Mwaka huu sijui, mwanangu. Nilitoka nje."

"Wewe? Utoke nje?"

Hakuaminiwa na mtu. Binti alimnunia. Kiraka, aliyesikia mazungumzo, aliingia chumbani akaanza kupanga begi, maana kwa hesabu zake mama mkwe anayekataa kusema ana jambo baya la kuficha. Na Mlingoti, aliyekutana na Mama Pini getini jioni hiyo, alimpigia magoti kwa utani.

"Mama, nionyeshe hata kwa jicho moja. La kulia nabaki, la kushoto naondoka."

Mama Pini alifumba yote mawili, akapita.

Ndivyo ilivyofika alfajiri hii, kibaraza kikiwa kimefagiwa mara mbili. Mlinzi amezima redio yake kabisa. Mama Pini anavuta pumzi, anazungusha ufunguo na kuingia bila kuwasha taa, kama anayeogopa kuamsha mtu. Kisha taa inawaka.

Halafu cherehani inaanza kulia.

Kiraka amebaki. Jezi yake ilikuwa imetundikwa mwisho kabisa wa bomba, pini nne mgongoni; sasa namba inashonwa kwa uzi. Kocha mkuu, aliyefika saa moja asubuhi, hana maelezo marefu. "Wote wawili wana jasho," anasema. "Mmoja anacheza nafasi moja, wa pili anacheza nne. Hapo hakuna hesabu ngumu."

Jezi ya Mlingoti imekunjwa mezani. Ataenda kwa mkopo katika timu ya daraja la chini ambako, kwa maneno ya kocha, atacheza kila wiki badala ya kukaa benchi hapa. Anapoambiwa anafuta uso kwa kiganja, kisha anakuja stoo. Mama Pini hampi sabuni. Anaichukua ile jezi iliyokunjwa, anachomoa pini zote, na kuishona namba kwa uzi mweupe, mishono miwili miwili.

"Huko usifike na pini," anamwambia.

"Mama, ungekonyeza tu jana, nisingekosa usingizi."

"Nilikuwa sijui."

"Aa, wapi," anasema Mlingoti, lakini anacheka, na jezi anaikumbatia anapotoka.

Asubuhi hiyohiyo kocha mkuu anawaambia wachezaji wote siri ya kikapu, kwa kuwa hata hivyo imeshavuja. Kelele zinasikika mpaka getini. Kisha anampa Kiraka amri mbele ya wenzake: kuanzia leo, nguo kikapuni, kama wengine.

Alasiri Kiraka anakuja stoo. Anasimama upande wa mlango, si ndani wala si nje, na mfuko wa plastiki mkononi. Umefungwa mafundo matatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Weka."

Anauweka kikapuni kwa ncha za vidole, kana kwamba una mayai, na kuondoka kwa kasi ambayo, anasema kocha msaidizi aliyekuwa akipita, hajawahi kuionyesha pembeni mwa uwanja. Mama Pini anacheka mpaka anashika meza.

Ana mipango. Anataka cherehani ya pili iwekwe pale dirishani, binti yake aje washone pamoja jezi za shule za jirani, mtoto alale kwenye taulo zake siku zote na si Jumamosi tu. Kuhusu mkwe anaomba jambo dogo: msimu ukiisha, mfuko uwe na fundo moja.

Na mwaka kesho, sasa kwa kuwa mtego wa kikapu umejulikana, kocha atawajuaje wanaojituma?

"Ameshapata njia nyingine," anasema Mama Pini. "Ameniambia leo."

Ipi?

Anatabasamu, ananyoosha mkono kwenye mto wa sindano, anachukua pini tatu na kuzibana midomoni.