Wilhelmina na Mikwaruzo ya Gari Jeusi

Wilhelmina anang'arisha magari Bariadi mjini, kwenye uwanja wa Marcelo wa kuoshea magari, barabara ya kutokea Maswa. Wengine pale wanaosha, yeye anaondoa mikwaruzo. Sikujua kama ni kazi mbili tofauti mpaka nilipokaa pale asubuhi moja nikisubiri lifti. Lifti ilipita, nikabaki, na kesho yake nikarudi.

Gari jeusi likiwa kivulini huonekana zima. Litoe juani, utazame pale jua linapojiona kwenye boneti, utakuta vimistari vyembamba vimelizunguka kama utando wa buibui. Watu husema rangi imezeeka. Wilhelmina anasema haijazeeka, imeoshwa vibaya. Sponji imeanguka mchangani ikaokotwa, au mtu amefuta vumbi kavu kwa kipande cha kanga. Juu ya rangi, anasema, kuna tabaka jembamba lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia, na mikwaruzo inakaa humo. Kuiondoa ni kulipunguza hilo tabaka kidogo kidogo mpaka lilingane na kina cha mkwaruzo. Ukizidisha umefika kwenye rangi yenyewe, na hapo hakuna dawa.

Jicho hilo alilipata kwenye sakafu. Alipotoka Mwanhuzi, kwenye ng'ombe wa baba yake, alifanya kazi nyumba ya masista, kupaka nta nyekundu kwenye saruji na kuisugua. Sista mmoja alikuwa akipiga magoti na kuitazama sakafu kwa ubavu, kuelekea mwanga wa dirishani. Baadaye, Mwanza, akawa anawapikia mafundi wa gereji, akawaona nao wanayatazama magari hivyohivyo. Akaacha sufuria. Ndivyo anavyosimulia, hana mengi zaidi. Mumewe yuko machimboni Geita, na binti yao Joyness anajifunza ushonaji Nyashimo.

Mwezi uliotangulia mfanyakazi mmoja wa pale aliunguza mlango wa gari la mteja kwa mashine. Marcelo akatangaza kwamba atakayeharibu gari la mtu tena ataondoka siku hiyohiyo. Wilhelmina hakuwa na pa kwenda. Mashine ni ya Marcelo, turubai la kivuli ni la Marcelo, na maji ni ya Marcelo.

Basi Alhamisi akaja Constantine, mfanyabiashara wa mpunga, na gari lake jeusi. Jumamosi mdogo wake alikuwa anaoa, na gari hilo ndilo lingekwenda Nyalikungu, kule Maswa, kumchukua bibi harusi. Wilhelmina alilifanyia kazi kutwa. Jioni Constantine alijiona usoni mwa mlango, akarekebisha kola yake, akaondoka ameridhika.

Ijumaa asubuhi alirudi, akaliegesha juani, akashuka bila kusalimia.

"Mama Joyness, njoo uone kazi yako."

Boneti ilikuwa imejaa miduara. Milango pia. Utando mtupu, na mwingine wa kina.

Marcelo akaja na bomba la maji mkononi. "Nilisema nini mwezi uliopita?"

"Ulisema," Wilhelmina akajibu. Akachuchumaa, akatazama kwa ubavu, akaenda upande wa pili akatazama tena. "Hii si mashine. Mashine inazunguka sawasawa. Huu ni mkono wa mtu, tena mtu mfupi. Angalia, juu ya paa hakuna kitu."

"Kila fundi husema si yeye," Marcelo akasema.

Wilhelmina akachokoa kwenye mpira wa dirisha, akatoa kipande kikavu cha ganda la kitumba cha pamba. Akamwonyesha Constantine.

Constantine akacheka kwa hasira. "Mama, huu ni msimu. Bariadi nzima ina pamba. Hata kwenye ugali utaikuta."

"Gari lililala wapi?"

"Nyumbani kwetu. Ndani ya uzio."

"Nipeleke."

Nyumba yao iko njia ninayopita, nikaomba nafasi kiti cha nyuma.

Uani alikaa shangazi yao, Salu, mama mzee, mfupi kweli, anachambua choroko kwenye ungo. Wilhelmina akapiga goti kidogo, akamwamkia Kisukuma kama mama yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Mayu, nauliza, kuna mtu alilifuta hili gari jana?"

"Mimi," akasema, hakuinua hata macho. "Ulitaka afute nani? Mtoto ana shangazi mwingine?"

Ikabidi aeleze, maana Constantine mwenyewe alikuwa ameduwaa. Katika ukoo wao, ng'ombe wa mahari hawatoki zizini mpaka shangazi awafute migongo na mbavu kwa pamba mpya ya mwaka huo, waende ukweni na ngozi safi. Ng'ombe walishakwenda, na aliwafuta. Sasa linakwenda gari. Nalo si linakwenda ukweni? Basi akachukua pamba shambani kwake, safi, si fifi ile ya daraja la pili, ikiwa na mbegu zake, akalifuta gari likiwa na vumbi la barabarani, kwa kuzungusha na kukandamiza.

"Kwa nini kukandamiza, shangazi?" Constantine akauliza.

"Ng'ombe asipokandamizwa hasikii kama amefutwa."

Constantine akamvuta Wilhelmina kando, karibu na nilipokuwa. "Mama Joyness, mimi siwezi kumtaja shangazi mbele ya watu wa vijiweni. Kesho harusi. Akinuna asiende Maswa, nani atampokea bibi harusi? Tuseme tu mashine iliteleza. Nitaongea na Marcelo vizuri."

"Ukisema hivyo, leo jioni sina kazi."

"Nitambembeleza."

"Baba, Marcelo habembelezeki. Shangazi akinuna, ana nyumba ya kununia. Mimi nitanunia wapi?"

Constantine akageuka kuangalia kama shangazi anasikia.

"Mnanong'ona nini hapo kama wezi wa mbuzi?" Salu akasema. Akasimama, akajikung'uta. "Nimelifuta mimi, mnamtafuta nani tena? Huyo bwana wa maji yuko wapi? Nipelekeni."

Nikarudi nao. Pale uwanjani Salu alishuka taratibu, akasubiri wote wamwangalie.

"Wewe ndiye Marcelo? Mimi ndiye nimelifuta hili gari. Kwa mkono huu. Huyu mama hahusiki."

Alisema kama mtu anayedai sifa yake isipewe mwingine. Marcelo akamtazama Constantine, na Constantine akaitikia kwa kichwa.

"Haya, tumesikia, mama," Marcelo akasema. Akamwambia Wilhelmina, "Lipeleke kivulini, kabla bati halijapata moto."

Lakini Salu akasimama mbele ya boneti. Alikuwa amesikia kwamba alichofanya kinaondolewa. "Mkiondoa, gari linakwenda ukweni halijafutwa. Na mimi siendi."

Wilhelmina hakubishana. Akaingia kwenye mfuko wake, akatoa fulana nyeupe iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama sikio la ndama. "Mayu, hii ni pamba. Ilitoka shamba kama lako, ila imepita kiwandani, imetolewa mbegu. Mimi nikimaliza, wewe utafuta mwisho."

Salu akaivuta, akainusa. "Haina harufu ya shamba."

"Itapata mkononi mwako."

Kazi ilikwenda mpaka alasiri. Aliliosha kwa maji mengi, akabandika karatasi ya gundi kwenye kingo, maana pale klia ni nyembamba, akajaribu mahali padogo kwanza. Gari lilikuwa limesuguliwa jana tu, kwa hiyo aliendesha mashine polepole na dawa kidogo. Kila mara alisimama, akafuta, akatazama. Salu alikaa kwenye kreti ya soda akimfuata kwa macho.

Mlango wa dereva mistari michache iligoma. Wilhelmina akaiacha.

"Hapa mmeniachia," Salu akasema, akipapasa kwa kidole.

"Nikizidi kukata patatoka rangi, mayu."

"Acha hivyohivyo."

Kisha akapewa fulana. Akaanza kuzungusha. Wilhelmina akamshika kiwiko. "Nyoosha, mayu. Toka mbele kwenda nyuma. Usikandamize."

"Ng'ombe gani huyu asiyetaka kukandamizwa?"

"Huyu ana ngozi nyembamba."

Salu akacheka kidogo, akanyoosha. Alilifuta lote, ila paa hakulifikia, na hakuna aliyemwambia. Constantine akamfungulia mlango wa mbele, Salu akapanda na fulana ya watu mkononi.

Gari lilipotoka, Marcelo alibaki akikunja bomba. Kulikuwa na pikapu nyeupe imesubiri tangu mchana, mwenyewe amekwishakwenda kula.

"Hiyo nayo ina mikwaruzo bodi nzima," akamwambia Wilhelmina. "Uje mapema kesho."

Wilhelmina akasema sawa, akaanza kuosha sponji zake.