Kumlilia Aliye Hai

Padre aliyetuhudumia miaka ya tisini alikuwa Mtaliano, na alipenda filamu karibu kama alivyopenda misa. Alitusimulia sisi makatekista kwamba vita vilipokwisha kwao, majumba ya kutengenezea filamu yalikuwa magofu na fedha hakuna. Basi watu wakatoka na kamera barabarani. Badala ya waigizaji, wakachukua fundi halisi, mjane halisi, mtoto mwenye njaa halisi, wakawapiga picha palepale kwenye vifusi.

Alitaka kufanya vivyo hivyo hapa kijijini kwetu, Tabaka, kwa kamera yake ndogo ya video. Hadithi ilikuwa fupi: mama anapata habari kwamba mwanawe amefunikwa na mawe machimboni. Akamchagua mke wangu, kwa kuwa kijana wetu alichimba kweli mawe ya sabuni, yale laini meupe ya kuchongea vinyago.

Mke wangu akakataa. Kwetu kilio bila maiti ni mwaliko. Ukimlilia aliye hai, kifo husikia, kikaja kuuliza ni nani aliyeitwa.

"Ni filamu tu, mama," padre alisema.

"Si wewe uliyesema hutaki mchezo, Padre? Ulisema unataka ukweli."

Padre akakuna kichwa, akacheka. "Mwalimu, huyu mkeo angefaa kuwa askofu."

Mke wangu aliliombea jambo hilo, kisha akakubali kwa namna yake. Mzaliwa wetu wa kwanza alikufa akiwa mchanga, mama yake akiwa mahututi hospitalini. Aliporudi alikuta kaburi limeota nyasi, na wakati wa kulia umepita.

"Nitamlilia yule," aliniambia. "Ila sijui kama anayesikiliza atatofautisha."

Adhuhuri, ukingoni mwa machimbo, alipaza sauti. Sauti ile sikuwa nimeisikia katika ndoa yetu yote. Nyundo chini zikakoma moja baada ya nyingine. Wanawake wa ng'ambo ya bonde wakaitikia, wakaja mbio wakijifunga leso viunoni. Hakuna aliyekuwa amewaambia habari za filamu. Padre alisahau kutoa maelekezo.

Kisha kutoka shimoni akapanda mtu mweupe. Nywele, kope, mikono, vyote vyeupe. Alikuja polepole.

Mke wangu akakata kilio. "Wewe ni yupi?"

Midomo ilisogea, sauti haikutoka. Nikaanza Salamu Maria kimoyomoyo. Hatimaye mtu yule akakohoa, akatema vumbi.

"Ni yule anayemaliza ugali, Mama. Nani amekufa?"

Mama yake alimfuta kwa leso tangu kwenye paji, taratibu, mpaka ngozi ikaonekana. Namshukuru Mungu kwa ngozi ile hadi leo.

Kabla ya Krismasi padre alituonyesha kanda ukumbini. Mtu mweupe alipanda, akasimama, akaulizwa yeye ni yupi. Hapo kanda ikaisha. Jibu halikuwemo.

Gizani nilimsikia kijana wetu akinong'ona, "Mama, unaniumiza mkono."

Mama yake hakumwachilia. Alingoja taa iwashwe, akamtazama usoni kwanza.