Tulichomwitia Mama

Mwalimu wetu alikuwa msichana wa rika langu, raba miguuni, na hakutaka kuitwa mwalimu. Sisi wanafunzi tulikuwa watoto wa jamii za msituni tulioishia mjini. Darasa lilikuwa ghorofani Westlands, na tulifundishwa uongozi kwa njia ya kwetu, si ule wa semina na chai ya bure. Nilijiunga kwa ubishi tu. Mama alitoka msituni akaolewa Kinoo, na kila nikimuuliza juu ya watu wake alinituma dukani.

Sheria ilikuwa moja. Kabla ya kusema unataka kubadilisha nini, unamtaja wa kwenu aliyetangulia, na darasa zima linaitikia, "Yuko nasi." Zamu yangu ilipofika sikuwa na mtu wa kutaja. Nikajifanya mjanja, nikataja jina la mama.

"Yuko nasi," wakaitikia.

Mwalimu alinitazama. "Huyo alienda lini?"

"Hajaenda popote. Ako Kinoo."

Hakuna aliyecheka. Jirani yangu alisogeza kiti chake mbali na changu.

"Hapa tunaita wenye wameenda," mwalimu akasema polepole. "Na tukiita, wanakuja. Enda nyumbani."

Kusema kweli niliwaona washamba. Hata hivyo nilimpigia mama simu kwenye lifti, haikushikwa. Nikapiga tena matatu ilipofika Kangemi, na tena Uthiru. Nilipofika Kinoo nilikuwa nakimbia.

Geti lilikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama barabarani bila viatu, kichwa wazi, yeye ambaye hata kuanika nguo hutoka na kitambaa. Jua lilikuwa kali, lakini mikono yake ilikuwa baridi.

"Ni akina nani hao wananiita?" akaniuliza. "Ni wengi. Nimeitika, nikatoka, sioni mtu."

Nilimweleza yote. Nilijua angenikemea kwa Biblia. Badala yake alinishika mkono, akanitajia jina la mama yake, kisha la nyanya yake, majina ambayo hayakuwahi kutamkwa katika nyumba ile. Alinirudishia tena na tena mpaka nikayashika.

"Rudi uwaambie waite hawa," akasema. "Mimi waniache."

Nikamwambia aingie ndani kwanza, apumzike. Akageukia barabara, akatega sikio. Mimi nilisikia tu malori ya Waiyaki Way.

"Harakisha, mwanangu," akasema. "Wameanza tena."