Muuza Filamu wa Keroka

Muuza filamu wa Keroka huzungumza kwa sauti ya chini, na kila flashi anayopewa ainakilie filamu huipangusa kwanza kwenye sweta yake. Nilimwendea kwa sababu binti yangu, Bonareri, hakuwa amecheka tangu tulipomzika baba yake. Alishinda chumbani akitazama filamu za kutisha peke yake. Nilitaka kuketi naye, lakini mimi Msabato ninayeogopa hata paka gizani sikujua pa kuanzia.

"Mama, unaogopa nini zaidi?" muuzaji aliniuliza.

"Damu. Na makaburi."

Akaifuta filamu aliyokuwa ameshaniwekea kwenye flashi, akatafuta nyingine bila haraka. "Anza na hii. Ni nyumba tu yenye milango inayofunguka yenyewe. Ukizoea, nitakupa ile ndefu ya vipindi vingi. Na ukishtuka usijikaze, piga kelele."

Jumapili alasiri, tulipoitazama, nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika uani. Bonareri alinishika mkono, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nilirudi kumshukuru muuzaji, nikamwambia binti yangu amecheka. Yeye aliniuliza tu, "Alicheka wapi hasa?" Nikamwonyesha kwenye kompyuta yake. Akanivutia kiti, tukaitazama sehemu hiyo pamoja mpaka ikaisha.