Kikapu cha Mama Mkwe

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, shangazi alikung'uta viatu vyake mlangoni na kuchokonoa soli kwa kijiti, asije akasafirisha mbegu ya gugu. Tukimcheka alisema, "Chekeni tu. Nyinyi hamkuona miaka ya panya. Hatukuwa na yai la ndege wala dafu lisilotobolewa. Tuliwamaliza kwa jasho."

Kazi yake ilikuwa kupekua mizigo gatini, panya wasirudi kisiwani. Hakumwonea mtu haya. Mwalimu mkuu alipasuliwa godoro. Bwana harusi mmoja alifunguliwa sanduku mbele ya wakwe, chupi zikamwagika. Shangazi akamwambia, "Nzuri, baba. Pita."

Siku moja alishuka chomboni mama mkwe wake na kikapu cha mahindi, kimeshonwa mdomo. Shangazi alipiga goti kumwamkia, kisu cha kukatia nyuzi kikiwa mkononi. Bibi akakitazama kile kisu.

"Na mimi utanipekua, mwanangu?"

"Hapana, mama."

Shangazi akakibeba kikapu mwenyewe mpaka nyumbani.

Wiki ya tatu baada ya hapo, madafu yalianza kuanguka yakiwa na matundu. Kwenye viota tukakuta maganda matupu. Jioni ile shangazi alikigeuza kikapu, akakuta tundu chini, limetafunwa kutoka ndani. Akapitisha kidole. Aliniona ninamtazama, akakirudisha kikapu kama kilivyokuwa.

Kesho yake watu walijaa ofisi ya gati. Mkuu wa ofisi alishamtaja mkosaji: nahodha aliyeleta abiria na mizigo, na chombo chake kisitie nanga hapa tena.

"Panya apande chombo changu bure?" nahodha akapiga kelele. "Hata mke wangu hulipa nauli!"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Ana watoto sita na chombo kimoja.

Shangazi akasimama. "Mwacheni. Kuna mzigo niliupitisha bila kuufungua."

"Mzigo wa nani?"

"Nimesema niliupitisha mimi. Andika mimi."

Nilijua bibi alikuwa kwetu, anachambua mchele, hana habari.

Shangazi alivua koti la kazi, akalikunja, akaliweka mezani.

"Kaa kwanza, mama, tuzungumze," mkuu akasema.

"Kaa, dada," nahodha naye akasema, sauti imeshuka.

Hakukaa. Watu walimpisha. Akapita mbele yangu akiangalia chini, akatoka, na ofisi ile hajaikanyaga tena.