Chini ya Stika ya Pampu

Chini ya stika ya kampuni ya gari, kwenye pampu mbovu ya maji, tulikuta jina la kiwanda na namba. Pampu ya pili, mpya kutoka duka la spea mjini Kitui, ilikuwa na jina lile lile na namba ile ile.

"Ngoja, ngoja! Soma tena," dada yangu alisema.

Nikasoma tena, kwa sauti, hadi watu wa gereji ya jirani wakaja kuangalia.

Dada yangu hununua mbuzi Ikutha na kuwapelekea wateja wake kwa pikapu aliyoinunua ikiwa mpya. Waliomuuzia, huko Nairobi, walimwonya kwamba fundi mwingine akiigusa, waranti, ile ahadi ya kutengenezewa bure, imekufa. Pampu ya maji ilipoharibika mara ya kwanza aliwapelekea. Walipomaliza, akadai ile mbovu, maana kwetu hutoki gereji bila spea yako ya zamani. Ndiyo ushahidi kwamba umebadilishiwa kweli. Walicheka, lakini walimpa. Akaiweka uvunguni mwa kitanda, nyumbani Matinyani.

Sasa ile waliyomfungia ilikuwa imeanza kuvuja, mkesha wa siku ya soko. Kuivuta pikapu hadi Nairobi kulimaanisha kukosa soko. Kuitengeneza Kitui kulimaanisha kupoteza waranti, na gia ya tatu, ambayo waranti ingeilipia, ilikuwa imeanza kulia.

"Mathe, hii waranti ni ya gari ama ni ya ndoa?" fundi wa Kitui alimtania.

"Ya ndoa ni afadhali. Hiyo wazee wanaweza kukaa waongee."

Hapo ndipo alipokumbuka ile ya uvunguni. Akatuma bodaboda iilete, akaikwangua stika kwa ufunguo wa nyumba.

"Basi pampu yao ni hii hii, wameibandika tu jina lao," alisema. "Fundi, funga."

Asubuhi pikapu ilipanda kwenda sokoni ikiwa na mbuzi, na mshale wa joto haukusogea. Mimi nilikuwa nimekesha nikisoma habari za sheria. Nilijifunza kwamba kuna nchi ambako sheria ya ushindani hairuhusu kampuni ya magari kukunyima waranti kwa sababu tu umetengeneza kwa fundi wako, kwa spea ya ubora ule ule. Ya kwetu inakataza kampuni yenye nguvu sokoni kuitumia vibaya nguvu hiyo. Kama pampu ya dada yangu inaingia humo, sikuona palipoandikwa. Nikampigia simu hata hivyo, nikiongea haraka kupita kiasi.

"Punguza mwendo," alisema. "Niambie tu nibebe nini."

Alibeba pampu zote mbili mbovu kwenye gunia, akaenda Nairobi kudai gia itengenezwe kwa waranti. Walizipiga picha, wakabaki na pikapu, wakasema watamjulisha. Malalamiko yake pia yako kwenye ofisi inayosimamia sheria ya ushindani. Siku ya soko imefika tena, amekodi gari la jirani, na gia ya tatu bado haijafunguliwa na mtu yeyote.